Kupogoa Kiungo Bila Kung'oa Mzizi

Neno kiungo ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyobebeshwa mizigo mingi bila kulalamika. Mkono ni kiungo cha mwili. Bizari na tangawizi ni viungo vya mchuzi. Mchezaji wa kati katika kandanda ni kiungo wa timu. Katika matumizi yote hayo limo wazo la kuunga, yaani kukifanya kitu kimoja kifikie kingine. Mtandao ulipobisha hodi, neno hilo liliongezewa mzigo mwingine: mfuatano wa herufi, tarakimu na alama unaomchukua msomaji hadi kwenye ukurasa fulani wa wavuti. Ajabu ni kwamba kiungo hiki kipya aghalabu huwa kirefu kiasi cha kushindwa na kazi yake. Kilichokusudiwa kuunga huishia kutenga.

Kutenga huko si nadharia tupu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa 3, aliyechaguliwa na wenzake kuwa mwakilishi wa darasa, alikabidhiwa na mhadhiri kazi iliyoonekana nyepesi kama unyoya: kuwasambazia wenzake kiungo cha makala ambayo ingejadiliwa baada ya likizo fupi. Aliitafuta makala hiyo katika hifadhi ya majarida, akaipata, akainakili anwani yote iliyokuwa juu ya kioo cha tarakilishi na kuibandika katika kikundi cha darasa. Wenye simu za kisasa waligusa, wakasoma. Lakini mwenzao mmoja alikuwa mashambani kwao, na rununu aliyokuwa nayo ilikuwa ile ndogo ya vibonyezo, isiyojua jingine ila kupiga, kupokea na kutuma arafa. Mwakilishi akamtumia anwani ile ile kwa arafa. Ilikuwa na herufi na alama zaidi ya 200, ilhali arafa moja ya kawaida hubeba 160. Ikafika ikiwa vipande viwili.

Yule mwenzake aliinakili kwa kalamu daftarini, akapanda matatu hadi mjini, akalipia dakika zake katika saiba na kuichapa herufi baada ya herufi. Ukurasa ukakataa kufunguka. Akaichapa tena, ukakataa tena. Dakika zikaisha, mfukoni ikabaki nauli ya kurudi. Jioni hiyo arafa yake ilisema: "Ndugu mwakilishi, anwani yako ni ndefu kama garimoshi la mizigo, na nadhani behewa moja limeanguka njiani. Nisaidie."

Hapo ndipo mwakilishi alipoitazama anwani yake kwa jicho la pili. Aligundua kwamba zaidi ya nusu yake haikuwa anwani ya makala. Yalikuwa maneno aliyoyachapa yeye mwenyewe alipokuwa akitafuta, idadi ya matokeo aliyoonyeshwa, na nambari ya ukurasa wa orodha alikoikuta makala. Alifuta yote yaliyotanguliwa na alama ya kiulizi. Kilichobaki kilikuwa jina la hifadhi, neno moja na nambari ya makala. Akakijaribu, makala ikafunguka vilevile. Kiungo kizima kilitoshea katika mstari mmoja wa arafa, na kesho yake mwenzake akasoma.

Kisa hicho ni kidogo, lakini kinaibua swali linalomhusu kila anayesambaza maarifa kwa njia ya wavuti: ni sehemu gani ya kiungo iliyo uhai wake, na ni ipi iliyo pambo au mzigo? Swali hilo si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Ni swali la mofolojia.

Mwanafunzi anayepewa neno "hawakusomeshwa" hulichanganua bila kutetemeka: ha- ya ukanushi, -wa- ya nafsi, -ku- ya njeo, -som- ambayo ni mzizi, -esh- ya usababishi, -w- ya kauli ya kutendwa, na -a ya kiishio. Anajua kwamba mzizi ukiondolewa, neno limekufa. Anajua pia kwamba baadhi ya viambishi vikiondolewa, neno litabaki hai lakini litasema jambo jingine. Anwani ya wavuti nayo ina muundo kama huo, na aliyezoea kuchanganua vitenzi hahitaji kuwa mhandisi ili auelewe.

Mathalani, itazamwe anwani hii:

https://sw.wikipedia.org/wiki/Kiswahili?utm_source=whatsapp&utm_medium=kikundi&utm_campaign=muhula2

Sehemu ya kwanza, https pamoja na koloni na mikwaju miwili, ni itifaki, yaani kanuni ya mazungumzo kati ya kivinjari na tarakilishi iliyohifadhi ukurasa. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, alikiri mwaka 2009 kwamba ile mikwaju miwili haikuwa ya lazima. Vivinjari vya leo huiongeza itifaki vyenyewe, hivyo anayeandika anwani ubaoni anaweza kuiacha. Sehemu ya pili, sw.wikipedia.org, ni jina la kikoa. Hilo ndilo jina la mwenye nyumba. Sehemu ya tatu, inayoanza na mkwaju mmoja, ni njia ya kuelekea chumbani: wiki, kisha Kiswahili. Kisha huja kiulizi, na baada yake maelezo ya ziada yanayotenganishwa kwa alama ya &. Wakati mwingine huwapo pia alama ya #, ambayo kazi yake ni kumteremsha msomaji hadi kwenye sehemu fulani ndani ya ukurasa huo huo.

Anwani hiyo ina herufi na alama 99. Ikikatwa kuanzia kwenye kiulizi, hubaki 39. Itifaki nayo ikiachwa, hubaki 31: sw.wikipedia.org/wiki/Kiswahili. Makala inayofunguka ni ile ile. Zaidi ya hayo, kilichobaki kinasomeka. Mtu anaweza kukitamka kwa simu, kukiandika ubaoni au kukikariri akiwa njiani, kwa kuwa kila kipande chake kina maana.

Mkia uliokatwa ulitoka wapi, na ulikuwa ukimtumikia nani? Herufi utm ni urithi wa kampuni ya Urchin, iliyounda programu za kuhesabu wageni wa tovuti na kununuliwa na Google mwaka 2005. Kazi yake ni kumweleza mwenye tovuti kwamba mgeni huyu ameletwa na tangazo fulani, kupitia njia fulani, katika kampeni fulani. Mwaka 2018 Facebook nayo ilianza kubandika alama iitwayo fbclid kwenye viungo vinavyotoka kwake kwenda kwingine. YouTube huongeza si mtu anapobonyeza kitufe cha kushirikisha video. Mikia hii haimsaidii msomaji kuufikia ukurasa. Humsaidia mwenye duka kujua mteja ametokea mlango gani.

Si kila kuhesabu ni kosa. Mwenye gazeti ana haki ya kujua kama matangazo yake yanazaa matunda. Tatizo huzuka pale msambazaji anapopeleka mkia ule bila kujua, kwa sababu mkia humfuata. Mtu akituma kiungo kilichobeba maneno aliyotafutia, wote waliokipokea wanaweza kuyasoma. Aliyetafuta jina la ugonjwa, au la mtu, au la dawa, huenda akalituma bila habari kwa watu 80 wa kikundi cha darasa. Kenya ilijipatia Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na ni jambo la kupongezwa. Lakini hakuna sheria itakayomzuia mtu asijianike mwenyewe kwa kunakili na kubandika. Watengenezaji wa programu wametambua jambo hili pia. Mwaka 2022 kivinjari cha Firefox kilianza kumpa mtumiaji uwezo wa kuvua baadhi ya mikia hiyo, na mwaka 2023 Apple ikaongeza uwezo kama huo katika iOS 17. Hata hivyo, mashine huvua ile mikia inayoitambua tu. Mkono ulioelimika huitambua hata ile isiyo na jina.

Fauka ya hayo, wahenga walionya kwamba bandu bandu huisha gogo. Kanuni ya kukata kila kinachofuata kiulizi ni nzuri, lakini si sheria ya Musa. Katika anwani ya kawaida ya YouTube, baada ya neno watch huja kiulizi, kisha v=, kisha herufi na tarakimu 11. Hizo 11 ndizo utambulisho wa video yenyewe. Anayekata kuanzia kwenye kiulizi hapo amekata mzizi, na atakaowatumia watafika mlangoni pasipo kuonyeshwa chumba. Kinachokatwa ni yale yanayofuata baada ya hizo 11, na hata hapo pana la kuacha: t= pamoja na idadi ya sekunde humpeleka mtazamaji moja kwa moja hadi mahali panapokusudiwa. Mhadhiri anayetaka wanafunzi wasikilize dakika 5 tu za mhadhara wa saa 2 ana sababu ya kukibakiza kiambishi hicho.

Hali kadhalika katika ukurasa wa matokeo ya Google. Yote yaliyomo baada ya kiulizi yanaweza kuondolewa, isipokuwa q= na maneno yanayotafutwa. Katika nyaraka za Google, kipande cha usp=sharing kinachokaa mwishoni kinaweza kwenda zake salama, lakini mfuatano mrefu wa herufi uliomo katikati ndio jina la waraka na hauguswi. Tena, tangu mwaka 2021, baadhi ya mafaili ya zamani yaliyohifadhiwa huko hubeba kipande kiitwacho resourcekey. Kikikatwa, asiyewahi kulifungua faili hilo atakuta mlango umefungwa. Katika kiungo cha kumwalika mtu katika kikundi cha WhatsApp, msimbo haukatwi, kwa sababu wenyewe ndio ufunguo. Ama viungo vya kubadilisha nywila vinavyotumwa kwa barua-pepe, hivyo havifupishwi wala havisambazwi. Aliye navyo anaweza kuingia nyumbani mwa mwenyewe.

Kwa hivyo, mpogoaji mwangalifu hufuata hatua chache. Kwanza, huisoma anwani kabla ya kuikata. Pili, hukata kipande kimoja kimoja kuanzia mwisho kuelekea kushoto. Tatu, huijaribu baada ya kila kipande, na afadhali aijaribu katika dirisha la faragha la kivinjari, ambako hajaingia kwa jina lake. Hatua hii hupuuzwa na wengi. Kiungo kinachofunguka kwa mwenye akaunti ya maktaba ya chuo huenda kisifunguke kwa aliye nje, na anayekituma hatajua kwa sababu kwake kinafanya kazi. Nne, huchunga herufi kubwa na ndogo. Katika jina la kikoa hazina tofauti, lakini katika njia zinaweza kuwa na tofauti kubwa.

Kuna watakaouliza: ya nini taabu yote hii, ilhali zipo huduma zinazofupisha kiungo kwa kubonyeza mara moja? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la haki. Huduma hizo zilizaliwa na shida ya kweli. Mwaka 2002 Kevin Gilbertson, mtaalamu wa wavuti wa Marekani, alianzisha TinyURL ili anwani ndefu ziweze kuwekwa katika ujumbe wa makundi ya majadiliano bila usumbufu. Mwaka 2006 ilikuja Twitter, iliyowabana waandishi katika herufi 140 kwa sababu ya ukomo ule ule wa arafa, na anwani moja ndefu iliweza kummalizia mtu nafasi yote. Huduma za kufupisha zikachipuka kama uyoga wakati wa masika; bit.ly ilizaliwa mwaka 2008, na Google ikaleta goo.gl mwishoni mwa mwaka 2009.

Lakini huduma hizo hazipogoi kitu. Hutoa lakabu. Kiungo halisi hubaki na urefu wake, nacho hufichwa nyuma ya jina la kupanga linalojulikana na huduma hiyo peke yake. Siku huduma ikifunga duka, lakabu hupoteza mwenyewe. Google iliacha kupokea viungo vipya vya goo.gl mwaka 2019. Mwaka 2024 ikatangaza kwamba viungo vyote vya namna hiyo vingekoma kufanya kazi tarehe 25 Agosti 2025. Wiki chache kabla ya tarehe hiyo ililegeza kamba na kusema kwamba vile vinavyotumika vingehifadhiwa, na kwamba vilivyolala ndivyo vingezimwa. Sasa afikiriwe mtafiti aliyeandika kiungo cha aina hiyo katika tasnifu iliyowekwa rafuni maktabani. Tasnifu ni kitabu kinachongoja msomaji wake kwa miaka. Kiungo kilicholala ndani yake hakikulala kwa kukosa thamani, kilikuwa kikingoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hatari nyingine imo katika herufi mbili za mwisho. Herufi .ly za bit.ly ni za nchi ya Libya, kama zilivyo .ke za Kenya. Mwaka 2010 wasimamizi wa majina ya Libya waliifuta huduma ndogo ya kufupisha viungo iliyoitwa vb.ly kwa madai kwamba ilikiuka kanuni zao, na viungo vyote vilivyopitia hapo vikakatika kwa siku moja. Waliovisambaza huenda hawakujua kwamba maneno yao yalikuwa yamepanga chumba katika nchi ya mbali.

Wahenga walisema pia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kiungo cha lakabu hakimwonyeshi msomaji anakopelekwa, na matapeli wanalijua hilo. Anayepokea arafa ya kumpongeza kwa zawadi ambayo hakuishindania, ikiwa na kiungo kifupi kisichotaja mwenye nyumba, hana cha kuchunguza kabla ya kubonyeza. Kiungo kilichopogolewa kwa mkono hubakiza jina la kikoa, na jina hilo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kuanzia pale ulipo mkwaju wa kwanza baada ya itifaki. Katika uonbi.ac.ke, nchi ni Kenya, sekta ni ya elimu ya juu, na taasisi ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Tapeli anaweza kulitanguliza jina la benki mwanzoni kama pambo, lakini hawezi kulificha jina lake mwenyewe lililo kabla ya mkwaju. Msomaji aliyezoea viungo vinavyosomeka huugundua ujanja huo mapema kuliko aliyezoea lakabu.

Isitoshe, kifupi si lazima kiwe rahisi. Lakabu ya herufi 7 zilizochanganywa kubwa kwa ndogo humtatiza anayeinakili kwa mkono. Je, hii ni herufi l au tarakimu 1? Je, hii ni O au sufuri? Anwani ya herufi 31 iliyoundwa kwa maneno yenye maana hunakiliwa kwa usahihi zaidi kuliko msimbo wa herufi 7 usiosema kitu, kwa sababu ile akili hukumbuka maana kabla ya kukumbuka umbo. Hii haina maana kwamba lakabu hazina mahali pake. Katika bango la tamasha litakalobanduliwa baada ya wiki moja, lakabu yenye neno linalokumbukika inafaa. Tena kuna lakabu zinazotolewa na mwenye nyumba mwenyewe, kama youtu.be kwa video za YouTube. Hizo hazimtegemezi msomaji kwa mtu wa tatu. Kinachopaswa kuepukwa ni kuikabidhi lakabu ya mpangaji kazi ya miaka mingi.

Kazi hiyo ya miaka mingi ndiyo inayowahusu zaidi wasomi. Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwamba takriban nusu ya viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye maelezo yaliyokusudiwa. Katika majarida ya sheria waliyoyachunguza, hali hiyo ilizidi asilimia 70. Ikiwa hukumu za mahakama kubwa kiasi hicho zinapotelewa na ushahidi wake, tasnifu za wanafunzi zitasalimikaje? Kwa makala za kitaaluma, dawa ipo. Tangu mwaka 2000 wachapishaji wengi wamekuwa wakizipa makala utambulisho wa kudumu uitwao DOI, unaoanza na 10 na nukta, na unaofunguka ukitanguliwa na doi.org na mkwaju. Makala ikihamishwa, mchapishaji hubadilisha maelezo ya mahali ilipo, na utambulisho haubadiliki. Mwanafunzi anayeiona DOI ukurasani hana sababu ya kunakili anwani nyingine yoyote.

Upo pia upande wa wanaozitengeneza anwani, si wanaozifupisha tu. Mhariri wa jarida anayeliita faili "Insha ya Ushairi.pdf" ameshaanza kurefusha, kwa maana kila nafasi tupu katika anwani hugeuka kuwa %20. Anayeandika ng'ombe kwa kitone kilichopinda, kile ambacho programu za uandishi hupenda kukiweka zenyewe, huenda akakuta kitone hicho kimoja kimekuwa %E2%80%99, alama 9 mahali pa 1. Neno kitabu likiandikwa kwa hati ya Kiarabu kama كتاب lina herufi 4. Ndani ya anwani linaweza kufikia alama 24. Watafiti wa tenzi za kale wanaohifadhi picha za miswada kwa majina ya hati hiyo hukutana na jambo hili kila mara. Jina fupi la faili, lenye herufi ndogo na vistari mahali pa nafasi tupu, huokoa kazi ya kupogoa kabla haijaanza. Berners-Lee alilieleza wazo hili mwaka 1998: anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na kuifanya isibadilike ni wajibu wa anayeitunga.

Almuradi, ujuzi huu si wa wahandisi peke yao, wala hauhitaji lugha ya kuazima. Mkwaju, kiulizi, koloni, nukta na kistari ni alama zinazofundishwa katika sarufi tangu shule ya msingi. Mzizi na kiambishi ni istilahi za darasa la mofolojia. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kuwafundisha wanachama wake kuichanganua anwani kwa saa moja na kwa Kiswahili sanifu, na saa hiyo ikawafaa kuliko semina nyingi. Wahadhiri nao wanaposahihisha marejeleo ya tasnifu wangefanya hisani kubwa kwa kukagua viungo kama wanavyokagua tarehe na majina ya waandishi: mkia usio wa lazima ukatwe, lakabu ibadilishwe kwa anwani halisi, na DOI itumike pale ilipo. Mahali fulani yuko msomaji mwenye daftari, kalamu na dakika chache za saiba alizozilipia kwa shida. Anayemtumia kiungo na ampe kile anachoweza kukibeba.